Mkeka Uliotangulia Paa

Lolomara, Ambae
4 Agosti 1986

Kwa umbu langu aliyeko Santo,

Mimi ni mzima, nguruwe ni wazima, ng'ombe sita ni wazima, paa tu ndilo si zima, na hilo nitalieleza.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Usidhani ni mkono wa Merelin, mke wa mwanangu. Barua yako ya kwanza alinisomea yeye, Desemba iliyopita, na alipomaliza nilimnyang'anya karatasi nikaingia nayo kwenye minazi, nikaitazama mpaka ng'ombe wakaja kuinusa. Nikajiambia, mimi Hango, ambaye upande huu wote wa kisiwa hakuna wa kunifundisha kufunga fito, nisikie maneno ya umbu langu kwa kinywa cha mtu mwingine? Nikaenda kwa katekista. Akacheka. Akasema, "Mzee, una miaka sabini, vidole vyako vimezoea kamba ya nguruwe." Nikamwambia herufi haina nguvu ya nguruwe. Miezi saba tu. Watoto wa shule wanachukua miaka miwili, muulize mwenyewe. Barua yako ya pili, iliyokuja juzi, nimeisoma kwa macho yangu haya, neno baada ya neno, siku tatu.

Mara ya mwisho kuisikia sauti yako nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe kumi. Tulikuwa tunatoka kuteka maji. Kesho yake wajomba wakanivisha mkanda, wakanipeleka nyumba ya wanaume, wakaniambia: kuanzia leo yule ni umbu lako. Humtaji jina, husemi naye, huketi alipoketi, huingii nyumba yake, hupandi juu ya paa ambalo yeye yuko chini yake, hata kama yeye hayupo na chini pana mkeka wake tu. Tangu siku hiyo nikikuona njiani naingia msituni mpaka upite. Wapo walioivunja heshima hii, nawajua kwa majina. Mimi sijaivunja hata siku moja. Ulipoolewa ukaenda Santo niliuona mgongo wako tu, kwa mbali, unashuka pwani.

Sasa karatasi inakuja na wewe unasema ndani yake. Nilimwuliza chifu kama ni kosa. Akafikiri siku mbili, akasema hakuna mzee aliyewahi kuweka mwiko juu ya karatasi. Miaka hamsini na saba, umbu langu, halafu unaniuliza kama yule ng'ombe mweupe wa baba alikuwa na doa shingoni. Alikuwa nalo. Siku nzima sikuweza kula, kwa sababu ya doa lile.

Unauliza kama unaweza kurudi nyumbani. Hilo si la kuuliza. Nyumba ya mama ipo, nguzo zake ni za mti mgumu na nilizichimbia mimi. Kipaa cha bahari kimeoza, kipaa cha mlima kimebaki mbavu. Nitaezeka mwenyewe, bila msaada. Njoo na meli ya mwanzo wa Desemba, kabla ya msimu wa vimbunga.

Askofu anakusalimu. Ni dume langu la nguruwe, nimempa jina hilo kwa jinsi anavyotembea, na kasisi hajafurahi. Meno yake ya juu niliyang'oa akiwa mdogo, kama alivyofanya baba, ili ya chini yapate njia. Ana miaka tisa. Jino la kulia limetoka, limepinda, limeingia tena kwenye taya, limetokea, na sasa ncha inarudi kwenye mzizi. Imebaki nafasi ya punje ya mchele. Duara kamili, sikia hilo. Hapa kwetu hakuna aliyeliona tangu babu yetu. Hachimbi udongo, asije akalivunja. Marehemu mke wangu alikuwa akimtafunia viazi vikuu. Sasa namtafunia mimi, kwa meno yangu sita.

Mimi,
Hango, mwenye dume


Luganville, Santo
25 Agosti 1986

Kwa kaka aliye ng'ambo,

Niliitambua barua yako kabla ya kuifungua. Anwani ilikuwa na herufi kubwa kama zilizochongwa mtini kwa panga. Karani wa posta akaniuliza, "Bibi, nani huyu amekasirika nawe hivi?" Nikamwambia hajakasirika, ameanza shule.

Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini na mmoja. Nilidhani nimeshaona kila kinachoweza kufanywa na herufi. Kisha nikaona jina "Hango" limeandikwa na Hango, nikatafuta mahali pa kukaa.

Mimi sijambo. Tangu mume wangu afariki ndugu zake wananitunza vizuri, bado niko katika nyumba ile ile, chumba kile kile. Ni hamu ya nyumbani tu inayonisumbua, usije ukadhani kuna jingine.

Unasema ulisikia sauti yangu mara ya mwisho tulipokuwa tunatoka majini. Je, unakumbuka ulichosema? Kibuyu changu kilikuwa na ufa. Ukacheka njia nzima, ukasema, "Kibuyu chako kinavuja kama pua yako." Nililia mpaka nyumbani. Nikalala nikitunga jibu. Lilikuwa jibu zuri sana, kaka. Nikaamka alfajiri nikupe, nikaambiwa umeshapelekwa nyumba ya wanaume na kuanzia leo usimsemeshe.

Jibu lile ninalo hadi leo. Nimezaa nalo, nimefundisha nalo, nimezika nalo. Usiniombe nikuandikie. Utani haujibiwi kwa kalamu. Na nikirudi ndipo sitaweza kukuambia kabisa, kwa hiyo nimeshakubali kwamba nitakufa nalo.

Je, unapanda ngazi bado, na umri huo?

Hilda


Lolomara
19 Septemba 1986

Umbu langu,

Kama napanda ngazi. Napanda, nashuka, na nikiwa juu navuta tumbaku. Bani anakuja kila asubuhi kusimama chini na kutazama. Unamkumbuka Bani, jirani, mwenye masikio. Alisema makuti yangu yamekaa kama manyoya ya kuku aliyelowa. Nikamwambia, "Wewe nyumba yako imeezekwa na shemeji zako, kaa kimya." Akasema, "Ndiyo, na wao wameshamaliza." Ana mdomo huyo.

Kipaa cha bahari kimekwisha. Makuti ya msago, nimeshona mwenyewe mia tatu na arobaini, safu juu ya safu, huwezi kupitisha kisu. Jana mvua kubwa ilinyesha kutoka baharini, nikaingia ndani nikakaa upande ule. Sikupata tone. Nilikaa mpaka mvua ikaisha, nikaikumbuka harufu ya nyumba hii mama alipokuwa akioka laplap ya viazi vikuu, nikatoka.

Nimebadilisha pia boriti moja iliyoliwa na mchwa, na nimejenga upya ukuta wa mawe kati ya uwanja wako na banda la Askofu ili asikusumbue. Ng'ombe mmoja alianguka shimoni, tumemtoa kwa kamba na matusi. Kuku wanataga popote isipokuwa nilipowawekea.

Jibu lako linanisumbua. Nimelifikiria nikikamua nazi, nimelifikiria nikimtafunia Askofu mpaka nikajisahau nikameza chakula chake. Umelibeba miaka hamsini na saba na mimi nimetembea bila kujua kama kuna kitu changu kinanisubiri. Liandike kwenye karatasi. Chifu ameruhusu karatasi.

Askofu: leo asubuhi nimepitisha uzi kati ya ncha na mzizi wa jino. Umepita kwa shida. Katekista alikuja kuona, akavua kofia bila kuambiwa. Akaniuliza nitamfanyia nini dume kama huyu. Nikamwambia siku ya kumchinja nitapanda cheo ambacho baba hakukifikia, na atakayekuja baada yangu aanze upya kutoka chini.

Hango


Luganville
6 Oktoba 1986

Kaka,

Siandiki. Niache nibaki na kitu kimoja cha kukutesa.

Meli ya wiki hii inaleta mabati kumi na moja ya kipaa cha mlima, na misumari yake. Najua unayadharau mabati. Mimi nayataka. Nimeishi chini ya bati miaka arobaini na nimezoea kuisikia mvua ikifika. Nimeweka pamoja nayo sanduku langu na mkeka wangu wa kulalia, ule wenye mistari myekundu niliosukiwa na mama. Nimeona vitangulie, nipunguze mzigo. Mimi nitafika tarehe tano Desemba.

Kipaa cha mlima kiwe kimekwisha tafadhali. Kifua changu hakivumilii baridi.

Hilda


Lolomara
3 Novemba 1986

Umbu langu,

Mabati yamefika. Sanduku limefika. Mkeka umefika.

Paa limekwisha lote. Usiwe na wasiwasi wowote. Kipaa cha mlima kinang'aa mpaka wavuvi wanakiona wakiwa mbali, wamesema wenyewe. Kazi nzuri sana, Bani amekosa la kusema.

Swali dogo tu, halina maana. Ule mkeka wenye mistari ni wa kulalia wewe mwenyewe? Haukuwa, labda, wa wageni? Au labda mwenye mkeka ni marehemu mume wako? Nauliza kwa kupenda kujua. Mtu akipata mkeka hupenda kujua habari zake.

Askofu hajambo. Uzi haupiti tena, sasa napitisha unywele.

Hango


Lolomara
4 Novemba 1986

Shangazi mpendwa,

Mimi ni Merelin. Baba hajui kama nakuandikia, naomba usimwambie.

Paa halijaisha. Kipaa cha mlima ni mbavu tupu kama alivyokuambia mwanzo.

Imekuwa hivi. Siku mizigo yako ilipoteremshwa kulikuwa na manyunyu. Baba alifurahi mno. Akasema umbu lake hawezi kuachiwa vitu vyake pwani kama magunia ya nazi kavu. Akabeba sanduku begani yeye mwenyewe, kijiji kizima kikimtazama, akaniambia nitandike mkeka ndani, upande mkavu, mlango wazi, ili kila apitaye aone kwamba mwenye nyumba amerudi. Nikatandika. Akasimama mlangoni akatazama, anatabasamu. Bani akapita akasema, "Vizuri sana. Sasa nani atapanda juu kumalizia?"

Shangazi, nilimwona baba akibadilika rangi. Mkeka wako umelala chini. Nyumba imekuwa yako. Hawezi kuingia hata kutoa mabati, nimeyatoa mimi. Na hakuna wa kumsaidia. Wanaume wa upande wetu wote ni maumbu zako, Bani pia. Wa upande wa pili wote ni wakwe zako, na mwiko wao ni mkali zaidi. Wanawake hatupandi. Anayeweza ni mume wangu tu, kwa kuwa kwako ni mtoto, na yuko melini hadi Januari. Nilimwambia nitautoa mkeka. Akasema mkeka hutolewa nje mwenyewe akifukuzwa au akifa, hataki kusikia. Sasa anakaa kwenye ukuta wa mawe kutwa nzima, nyundo mkononi, anaitazama nyumba. Hali chakula vizuri, anamlisha nguruwe tu.

Akipanda ni kosa kubwa, atalipa dume mbele ya watu. Dume lake lenye jino ni moja.

Na jingine, unisamehe. Mume wangu alipita Luganville mwezi uliopita. Anasema uko kwenye stoo ya shule, unalala kati ya madawati, tangu ndugu wa marehemu waichukue nyumba mwezi Juni. Na kwamba stoo inatakiwa Desemba. Baba sijamwambia. Mkiendelea kufichana hivi nyote wawili mimi nitachanganyikiwa.

Merelin


Luganville
24 Novemba 1986

Kaka,

Hapa tunafundisha watoto kwamba aliyesema uongo aanze mwenyewe kuungama. Naanza. Nyumba sina. Ilichukuliwa mwezi Juni. Nalala stoo ya shule juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, na mgongo wangu unajua hesabu zote zilizochorwa juu yake. Sikukuambia kwa sababu ungepanda meli uje na rungu.

Sasa nisikilize, maana nimefikiri sana. Leo, tarehe ishirini na nne Novemba, mbele ya mwalimu mkuu ambaye ametia sahihi hapa chini, nampa Merelin mkeka wangu wenye mistari myekundu, na sanduku, na vyote vilivyomo. Si vyangu tena. Katika nyumba ya mama hakuna kitu changu hata sindano. Kwa hiyo huyo niliyesikia anaitazama nyumba kutoka kwenye ukuta anaweza kupanda, apige misumari, ashuke, na dume lake litamalizia jino lake kwa amani.

Usipoteze kitu kilichotafuniwa miaka tisa kwa ajili ya mabati kumi na moja.

Hilda


Lolomara, ng'ambo ya ukuta
16 Desemba 1986

Umbu langu,

Hii anakuletea Merelin, hatua arobaini. Nimemwambia aende taratibu kama meli.

Ulikuwepo siku ya Jumapili, lakini ulikaa na wanawake na hukuona nilichoona mimi, kwa hiyo naandika. Tena kwa yale ya kabla yake hukuwepo, na hakuna anayeweza kuyaeleza vizuri kuliko mimi.

Tarehe tatu asubuhi redio ilisema kuna kimbunga kaskazini ya visiwa vya Banks na kinashuka. Meli yako ilikuwa njiani. Nikafanya hesabu. Umbu langu atashuka na kifua chake, kimbunga nyuma yake, na nyumba ina nusu ya paa. Hesabu ndogo. Nikamwita chifu, nikamwambia, "Napanda. Andika kosa langu, faini nitalipa." Chifu akasema, "Hango, una dume moja." Nikasema, "Ndiyo maana nimekuita mapema, usije ukadhani sijui kuhesabu."

Watu wote wakaja. Bani akasimama chini ya ngazi, akasema, "Mzee, ukianguka dondokea upande wako wa ukuta." Nikamwambia, "Nikianguka naanguka na bati, chunga masikio yako, ni makubwa." Akacheka, lakini ni yeye aliyenipa mabati moja moja kutoka chini, hakuacha mpaka la mwisho.

Nilipoweka mguu kwenye kenchi nilitazama chini mara moja. Mkeka ulikuwa pale, umetandikwa, mistari myekundu imepigwa na jua kupitia mbavu za paa. Umbu langu, nimeua nguruwe mia, nimepita mlima Manaro unapotoa moshi, sijawahi kuogopa kama pale. Nilijiona kama mtu aliyekanyaga uso wa maji na maji yamemshika. Nikapiga msumari wa kwanza, na sauti yake ikaenda mpaka mlimani ikarudi. Nikapiga mingine mia na sitini. Nikashuka na jua.

Tarehe tano meli ikaja. Merelin alinikabidhi barua yako ya Novemba ukiwa bado unapanda kilima na fimbo yako. Barua na mwandishi mmeshuka meli moja. Nikajificha nyuma ya banda nikaisoma, nikakuta kwamba nilipopanda mkeka haukuwa wako tena. Nikampelekea chifu. Akaisoma mara mbili, akafurahi, akasema, "Basi hakuna kosa. Askofu amepona." Nikakataa. Nikamwambia, mimi nilipopanda nilijua ni mkeka wa umbu langu. Mguu ulijua, moyo ulijua. Siwezi kujificha nyuma ya karatasi iliyokuwa baharini. Chifu akasema mimi ni mkaidi. Nikamshukuru. Kuhusu ile stoo na madawati sisemi kitu, ila wale shemeji zako wasikanyage Ambae.

Tarehe saba kimbunga kikafika, mchana kweupe. Unajua mwenyewe, mlikuwa wanawake kumi na wanane ndani ya nyumba ya mama. Mimi nilikuwa nyumba ya wanaume, nimeshikilia mlango kwa mgongo. Minazi inalala chini, jiko la Bani limeruka zima kama kofia. Na katikati ya sauti ile nikawasikia mnaimba. Sikutega sikio, upepo uliwaleta. Nikaijua sauti yako kati ya kumi na nane. Imekuwa na mtetemo kama kifuniko cha sufuria. Lakini niliijua.

Halafu Jumapili, siku ya kulipa faini. Alfajiri nilikwenda bandani na unywele. Nikajaribu kuupitisha. Haukupita. Ncha imegusa mzizi. Miaka tisa, na siku ile ile ndiyo limefika nyumbani. Nikakaa naye. Nilimtafunia kiazi cha mwisho, akala taratibu, ananitazama kwa jicho lake dogo. Nikamwambia kazi yake ameimaliza vizuri kuliko askofu yeyote.

Uwanjani wazee walipoliona lile duara wengine waliketi chini. Baada ya kumwua na jino kukabidhiwa wewe uliyekosewa, chifu akasimama akasema, "Hango, faini ya paa ni dume la jino nusu. Hili ni zima. Umezidisha." Nikasema, "Najua nimezidisha. Kilichozidi nitakitumia sasa hivi, mbele yenu, na baada ya hapo hatudaiani." Bani akasema kwa sauti, "Anataka kununua nini tena huyu?"

Nikageukia mlipokaa. Niliitazama miguu yako tu, sikuinua macho. Miguu ya mama kabisa. Nikalitaja jina lako.

Mara moja. Hapa siliandiki, kwa sababu lilishalipiwa na limekwisha.

Sikutegemea kitu kingine. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Ndipo nikasikia nyuma yangu, mbele ya chifu, mbele ya kasisi, mbele ya koo zote mbili: "Hango, paa lako linavuja kama pua yako."

Umbu langu. Hilo ndilo jibu. Miaka hamsini na saba umelikunja hilo, ukabadilisha kibuyu tu. Watu walishika vichwa. Kasisi alikohoa. Mimi nilicheka mpaka nikashindwa kusimama, na pua ilikuwa inavuja kweli, Bani ni shahidi. Nina umri wa miaka sabini na nimeitwa jina na umbu langu. Niliporudi nyumbani nilijitaja mwenyewe, polepole, nisikie tofauti. Tofauti ipo.

Lakini sasa niambie. Linavuja kweli? Kama ni kipaa cha bati, hao ni watengeneza bati, si mimi. Kama ni kipaa cha bahari, haiwezekani, nilikishona mwenyewe. Siwezi kupanda kuangalia, wewe umo ndani. Kwa hiyo leo asubuhi nimechagua kidume kidogo cha faini nyingine, cheusi, chenye doa shingoni. Nimeking'oa meno ya juu. Miaka tisa, labda minane nikimlisha vizuri. Nitakuwa na sabini na minane, na hilo kwangu si jambo.

Hango


Lolomara, nyumba ya mama
17 Desemba 1986

Kaka,

Halivuji.

Tangu kimbunga mvua haijakatika na mkeka wa Merelin, anaoniazima, ni mkavu. Nalala upande wa bahari nikitaka kimya, nahamia upande wa mlima nikitaka kuisikia mvua. Jana nililala katikati.

Nilikuwa nimejiandaa kukaa kimya, naapa. Kisha nikasikia jina langu kwa sauti ya baba, nikawa na miaka kumi na kibuyu kichwani, na jibu likatoka lenyewe.

Jino la Askofu nimelivaa. Mkono umepita katikati bila kukwama. Nikipika naligonga kwenye sufuria, na nimeshaona kwamba ukilisikia unaacha kupiga nyundo.

Meno sita hayatoshi kumlea yule mdogo. Mimi ninayo kumi na tisa. Mwambie Merelin alete viazi huku kila asubuhi, nitamtafunia nusu yake upande wangu wa ukuta.

Mlishe vizuri, asichimbe udongo. Jibu la pili nimeshaanza kulitunga.

Hilda